Kalavati la Bwana Mwakani

Watu wa mtaa walimwita Bwana Mwakani, na hawakumwita hivyo kwa kumpenda. Alikuwa afisa wa bajeti katika manispaa, mtu wa shati jeupe la mikono mirefu na kalamu mbili mfukoni, na kwa macho ya wananchi kazi yake ilikuwa moja tu: kusema hapana kwa sauti ya upole. Kila mwaka manispaa ilipowaita wakazi kwenye mikutano ya mitaa waseme shida zao, yeye ndiye aliyekaa mbele akasikiliza. Huyu anataka taa za barabarani, yule anataka choo cha soko, wale wanataka gari la taka lipite walau mara moja kwa wiki. Aliwasikiliza hadi wa mwisho, hata wale waliosimama kuwatukana wakwe zao tu. Kisha aliinuka, akafuta miwani kwa pindo la shati, akasema, "Nimewasikia. Yote mliyosema ni haki yenu. Lakini fungu ni dogo. Tutaanza na haya mawili, na hayo mengine mwakani."

Mwaka ukageuka, na mwakani ikaja na mwakani yake. Ndipo jina likamganda kama kupe.

Mkewe alilichukia jina hilo. Alikuwa mwalimu aliyefundisha nusu ya mtaa kusoma, na mtaa mzima, pamoja na mumewe, ulimwita Mwalimu. Haikumpendeza kuona watu aliowashika mkono kuandika majina yao wenyewe wakimbandika mumewe jina la kejeli.

"Ungewaambia ukweli," alimwambia. "Ungewaambia si wewe unayezuia. Wanadhani umekalia sanduku la fedha."

"Nikisema si mimi, watauliza ni nani. Nikimtaja, nimekuwa mchonganishi. Bora waniseme mimi, nimeshazoea."

"Mimi sijazoea."

"Mwalimu, wewe uliitwa majina mangapi na wanafunzi wako?"

"Mengi. Lakini walikuwa na adabu ya kuyasema nyuma ya mgongo wangu."

Akacheka hadi miwani ikamteleza puani. Nyumbani alikuwa mwepesi wa kucheka. Watu wa nje hawakuwahi kukisikia kicheko hicho, na Mwalimu aliona hiyo nayo ni hasara ya mtaa.

Jambo lililouma kuliko yote lilikuwa mtaro. Kati ya mtaa wao na barabara kubwa ulipita mtaro mpana wa maji ya mvua. Zamani palikuwa na kalavati, mabomba manene ya zege yaliyofukiwa udongo juu, na magari yaliingia bila taabu. Siku moja lori la mchanga la mtu aliyekuwa akijenga likapita hapo. Mabomba yakapasuka kama vigae, na lori likashinda pale pua chini, mkia juu, watu wakija kulitazama kama sinema. Tangu hapo mtaa ulivuka kwa mbao. Mbao zenyewe walichanga, wakazipigilia, mvua kubwa ikazichukua, wakachanga tena. Vitanda, saruji, wagonjwa na maharusi, wote walishushwa ng'ambo.

Kwa hiyo kila mkutano wa mtaa ule ulifunguliwa kwa neno kalavati na kufungwa kwa neno kalavati. Naye aliliandika kila mwaka bila kukosa. Lakini kwenye meza yake ya kazi alikuwa ameweka sheria ambayo haikutoka kwa mkubwa yeyote: mtaa anaoishi mtu wa ofisi ya bajeti hupangwa mwisho. Mitaa miwili ikiwa na shida sawa, ule wa kwao unasubiri. Wenzake walimwona amerogwa, maana katika manispaa ile, ukikuta barabara nzuri uliulizia tu ni nani anayekaa mwisho wake.

"Mpakuzi hujipakulia mwisho," alisema, mkewe alipomhoji juu ya hilo huku wakila. "Mama yangu alitupakulia wote, yeye akakwangua ukoko. Hakuna hata mtoto mmoja aliyewahi kusema mama anapendelea."

"Na alikufa mwembamba."

"Alikufa na jina lake."

Hapo Mwalimu alimwongezea mchuzi, kwa sababu kuhusu jina walikuwa kitu kimoja. Nyumba yao haikuwa na mengi. Paa lilivuja juu ya kabati la vyombo, na viti vya sebuleni vilikuwa vimeshonwa mara nyingi hadi haikujulikana kitambaa cha kwanza kilikuwa kipi. Lakini hapakuwa na mtu aliyeweza kusimama mlangoni akadai wamekula chake. Kwa Mwalimu, huo ndio ulikuwa ukuta wa nyumba, na matofali yalikuja baadaye.

Mwaka mmoja kalavati lilipita. Madiwani walipiga meza, bajeti ikaidhinishwa nalo likiwemo, na kwa muda mfupi mtaa ukamsalimia Bwana Mwakani kwa mikono miwili. Lakini bajeti ni ahadi, na ushuru ni mvua, hunyesha ikitaka. Katikati ya mwaka makusanyo yakapungua, ikabidi kazi nyingine zisimamishwe, naye akaambiwa apendekeze zipi. Jioni ile alivua viatu mlangoni, akaketi bila kudai chai.

"Umelikata," alisema Mwalimu.

"Ilikuwa hilo au mafuta ya magari ya taka. Taka zikilala mitaani mpaka mvua, watoto watakwisha kwa kuhara. Mtaro unaudhi, Mwalimu, lakini hauui."

Mtaani habari ilifika ikiwa imevaa nguo nyingine. Fundi cherehani, jirani wa nyumba ya tatu, alilisema bombani, ndoo zikiwa foleni: kalavati lipo tumboni mwa mtu. Mwalimu aliweka ndoo yake chini.

"Mume wangu hajawahi kulamba chungu cha watu. Njoo kwangu mvua ikinyesha, uone sufuria nilizozipanga sakafuni, halafu unionyeshe kalavati limeingilia wapi."

Watu walicheka, fundi akainamisha uso. Kufika jioni maneno yakawa yale yale.

Mumewe aliugua asubuhi ya siku ya kazi, akiwa anafunga vifungo vya shati. Aliketi kitandani akasema, "Mwalimu, hebu niletee maji," na sauti haikuwa yake. Aliporudi na bilauri alimkuta ameshika kifua, jasho limemlowesha kola. Akapiga simu. Gari la wagonjwa lilikuja haraka kuliko alivyotegemea. Magari yale mumewe ndiye aliyeyatetea hadi yakanunuliwa. King'ora kilikaribia, kikakaribia, kikafika ng'ambo ya mtaro, kikanyamaza.

Mvua ya usiku uliotangulia ilikuwa imeondoka na mbao zote isipokuwa mmoja, nao uliteleza kama sabuni. Wahudumu wawili walisimama upande wa pili na machela yao wakitazama maji. Aliyekuja mbio alikuwa Kifua, msukuma mkokoteni, jitu la mabega mapana ambalo katika kila mkutano lilikuwa la kwanza kumzomea Bwana Mwakani. Alimwaga chini mzigo wa watu, magunia ya mkaa yakapasuka, akatandika godoro la mgonjwa juu ya mkokoteni.

"Tuzunguke kwa nyuma, kule machinjioni," alisema. "Waambieni watupokee barabarani."

Njia ya nyuma ilikuwa ndefu, mashimo matupu, haipitiki kwa gari. Mwalimu alikimbia pembeni, mkono mmoja ukishika kamba ya mkokoteni, mwingine ukishika mkono wa mumewe. Gurudumu lilipozama katika shimo, mgonjwa alifungua macho.

"Taratibu, Kifua. Fungu la mifupa yangu halina nyongeza."

"Tunza pumzi, mzee," alisema Kifua. Machozi yalikuwa yakimtiririka, na hakuwa na mkono wa kuyafutia.

Walipokuwa wakiiona barabara, Bwana Mwakani alimvuta mkewe karibu. "Waambie ofisini nitachelewa," alisema.

Hospitalini daktari alivua glavu, akatazama sakafu. "Mngemfikisha mapema kidogo, mama." Hakuwa na nia mbaya. Lakini maneno yale, mapema kidogo, yalimkaa Mwalimu kooni kama mwiba wa samaki.

Siku ya kuamkia mazishi, nyumba ikiwa imejaa wafiwa, zikasikika ngurumo ng'ambo ya mtaro. Lori lilikuwa limeleta mabomba mapya ya zege, na nyuma yake greda. Mtaa mzima ulitoka nje. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele, akakumbuka kuna msiba, akajiziba mdomo.

Mhandisi wa manispaa alivuka ubao kwa tahadhari, buti zikiwa na tope. Alikuwa amekula mara nyingi katika nyumba ile, na Mwalimu alikuwa shemeji yake kwa mdomo.

"Shemeji, pole tena. Kesho meya anakuja, na madiwani, na magari yao. Haifai mzee wetu abebwe juu ya vibao kama mzigo. Tumeona tumpe heshima yake. Kufika jioni kalavati litakuwa limelala."

"Mmeyatoa wapi?"

"Ghalani."

"Shemeji, marehemu alikuwa akilala na ghala lenu kichwani. Halina hata koleo zima. Mmeyatoa wapi?"

Mhandisi alitazama buti zake. "Yalikuwa ya mtaa wa zahanati. Kule mlimani."

Mwalimu aliujua mtaa ule bila kuufika. Vilikuwa vita vya mwisho vya mumewe. Wajawazito wa kule, ili waifikie zahanati, waliteremka korongoni wakishika mizizi, kisha wakapanda mikono ikiwa magotini. Siku mabomba yao yalipopitishwa, na fedha zikapatikana kweli, alirudi nyumbani akiimba wimbo ambao hakuujua vizuri.

"Na wao je?"

"Wao watasubiri kidogo tu."

"Mpaka lini?"

"Mwakani," Mhandisi akasema, taratibu.

Mwana wa kwanza wa Mwalimu, mtu mzima mwenye watoto wake, alikuwa amemfikia na kusimama nyuma yake. "Mama, tafadhali. Usianze."

"Umesikia yametoka wapi?"

"Nimesikia. Na baba yuko wapi? Baba amekufa kwa ajili ya mtaro huu. Waache wayalaze, tumalize."

"Jeneza la baba yako likipita juu ya mabomba hayo, watu watasema nini?"

"Watasema asante."

"Leo. Keshokutwa watasema, mnaona, kalavati lilikuwepo siku zote, alikuwa amelificha kwa ajili ya mazishi yake. Miaka yote aliyokula ukoko itakuwa imepotea kwa siku moja."

"Watu, mama. Kila siku watu. Tumeishi kwa ajili ya midomo yao, na hakuna mdomo hata mmoja uliowahi kutuvusha mtaro."

Mwalimu alijifunga mtandio kichwani, akaenda mpaka ukingoni, akasema kwa sauti ile ya darasani, isiyopanda wala kushuka, "Rudisheni mabomba ya watu. Mkilaza hata moja, mume wangu atapitishwa njia ya machinjioni, na meya nitamweleza sababu mbele ya kaburi."

Minong'ono ikaanza. Fundi cherehani hakunong'ona. "Mume alitunyima akiwa hai, mke anatunyima mume akiwa maiti."

Kisha Kifua akaja mbele. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililokuwa gumu.

"Mwalimu, mimi ndiye niliyemsukuma. Mashimo ya njia ile nayajua kwa mgongo wangu. Mama yangu ni mzee, ana pumu. Siku akizidiwa, nimpitishe wapi?"

"Mpitishe nilipompitisha mume wangu."

Neno lilitoka kabla hajalipima. Kifua alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi na mzazi, akageuka, akaondoka. Lori nalo likaondoka. Mtaa ukarudi ndani, na usingedhani ni mtaa wenye msiba, kwa jinsi milango ilivyofungwa.

Kesho yake meya alituma salamu za rambirambi. Jeneza lilibebwa mabegani. Waliofika walikuwa wachache kuliko ilivyostahili mtu aliyekaa mahali miaka yote ile, na Mwalimu alitembea ameinua kichwa, akiwahesabia kila mmoja heshima yake kimoyomoyo. Mtaroni aliogopa. Lakini mbao zilikuwa tatu, zimepigiliwa misumari mipya inayong'aa, na jeneza likavuka bila kuyumba. Aliuliza nani amefanya kazi ile. Wabebaji walisema wamezikuta hivyo.

Mwanawe alirudi kwake na familia yake baada ya msiba. Waliagana vizuri, kwa adabu, kama wageni.

Miezi ilipopita na mvua kukatika, Mwalimu alivaa gauni lake jeusi, akachukua mwavuli wa mumewe kuwa fimbo, akapanda hadi mtaa wa zahanati. Hakumwambia mtu. Alitaka kukiona kile kitu kwa macho.

Kalavati lilikuwepo, limejengewa kingo za mawe na kupakwa chokaa. Akaketi juu ya ukingo kupumzika. Mjamzito mmoja akapita akizungumza na simu, tumbo mbele, wala hakutazama chini. Kisha baba na mtoto begani. Kisha gari la wagonjwa, lile lile au pacha wake, likapita polepole na kuingia zahanati bila kusimama. Mwalimu aligeuza uso lilipopita.

"Karibu ndizi, mama," alisema mwanamke aliyekuwa na meza ya ndizi mbivu kando. "Unakwenda zahanati?"

"Hapana. Naangalia kivuko chenu."

"Kizuri, eh? Alituletea diwani wetu. Siku ya kufungua alikatia utepe hapo hapo ulipokaa."

"Diwani peke yake?"

"Na nani mwingine? Kule ofisini palikuwa na mzee mmoja, Bwana Mwakani wanamwita. Huyo alituzungusha hadi viatu vikaisha soli. Mungu anisamehe, lakini alipokufa tu, udongo wa kaburi haujakauka, mabomba haya hapa."

Mwanamke alisema hayo akipanga ndizi zake, bila chuki, kama mtu anavyosema habari ya mvua. Mwalimu alishika mpini wa mwavuli kwa mikono miwili. Bombani, sokoni, msibani, kila mahali alikuwa na jibu. Na jibu la leo lilikuwa fupi kuliko yote, lilikuwa ulimini tayari: alikuwa mume wangu. Angelisema, mwanamke yule angeaibika, angeomba radhi, angempa ndizi za bure. Habari ingeshuka mlimani kabla yake, na jina lingekuwa limesafishwa katika mtaa mmoja.

Bora waniseme mimi.

Aliisikia sauti ya mumewe wazi kiasi kwamba aligeuka.

"Na wajawazito wanapita vizuri?" aliuliza.

"Kama kwao."

"Nipe hicho kichane."

Alilipa, akasimama. Kabla hajaondoka alifika katikati ya kalavati, akalipiga kwa kisigino, kama mumewe alivyokuwa akizipiga mbao za mtaroni kila asubuhi kabla ya kuvuka. Lilikuwa imara. Halikutoa hata mlio.

Aliporudi jua lilikuwa limepungua makali. Kifua alikuwa ng'ambo, upande wa barabara, akifunga kamba za mkokoteni. Tangu siku ile ya lori hawakuwa wamesemeshana zaidi ya salamu ya lazima. Mwalimu alisimama mbele yake na kichane cha ndizi mkononi.

"Mama hajambo?"

Kifua aliendelea na kamba. "Yupo. Kifua kinambana usiku."

"Mpelekee hizi. Laini, atazimudu." Maneno aliyokuwa akiyatafuta hayakuwa ya darasani, kwa hiyo yalichelewa. "Na siku akizidiwa, usiende peke yako. Uje unigongee. Nitashika upande mmoja wa mkokoteni. Njia naijua."

Kifua alizipokea ndizi. Alizitazama muda mrefu kuliko ndizi zinavyotazamwa, akaziweka juu ya mzigo, akafuta kiganja kwenye suruali na kumpa mkono avuke.

"Kanyaga huo wa katikati, Mwalimu. Nilipigilia mwenyewe, usiku ule wa kabla ya maziko, kwa ajili ya mzee. Haujacheza mpaka leo."

Alikanyaga. Hatua moja, ya pili, na katikati ya mtaro akasimama. Kutoka pale palionekana mahali lilipokuwa limesimama gari la wagonjwa asubuhi ile, milango wazi, karibu kiasi kwamba mtu angeweza kurusha jiwe likaligonga. Karibu namna hiyo.

Fundi cherehani alikuwa barazani kwake, na watu walikuwa wakirudi kutoka kazini, wakisubiri upande huu na upande ule wapate kuvuka. Mwalimu, ambaye hakulia mbele ya watu siku ya kifo wala siku ya kaburi, alilia hapo, juu ya ubao, mtandio ukianguka mabegani. Kifua hakumvuta wala hakumwachia mkono. Aligeuzia uso wake kwenye maji, na watu wa pande zote mbili wakasubiri.